Mtaji wa Tanuri la Pili

Shemeji yangu Jotham Varnell alikuwa mfinyanzi hodari kuliko wote kuanzia Salem kwenda kaskazini, na muuzaji mbovu kuliko wote duniani. Nimemwona kwa macho yangu: mwanamke kaingia karakana, kachagua jagi, keshatoa shilingi, na Jotham akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Hilo lina ufa hapa chini ya mshikio. Kwa sasa halivuji, lakini sidhani kama litafika mavuno."

Yule mama akarudisha jagi rafuni, akarudisha shilingi mfukoni, akaenda zake akimsifu njia nzima. Sifa tulikuwa nazo tele mjini Peverell. Kilichokuwa kinapungua ni kuni.

Mke wake, Achsah, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi mume wangu alinifia mapema akaniachia nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yao, kwa hiyo mambo yao mengi niliyajua kabla hata wenyewe hawajayajua. Jotham alikuwa mrefu mwembamba, mabega yameinamia mbele kwa ajili ya kukaa kwenye gurudumu tangu utoto, na mikono yake ilikuwa na wekundu wa udongo usiotoka hata Jumapili. Alikuwa na tanuri moja alilorithi kwa baba yake, mafundi wawili wa kuajiriwa, Enos na Lemuel, na farasi mmoja mzee wa kuzungusha kinu cha kukandia udongo, ambaye kila akipata nafasi alilala akiwa amesimama.

Kazi yenyewe ilikuwa na soko kupita kiasi. Siku ya kufungua tanuri wanawake walikuwa wanafika alfajiri na vikapu. Mara moja wawili walilivutania beseni la maziwa mpaka kila mmoja akabaki na nusu yake. Jotham hakuwatoza hata senti. Alisema kosa ni lake, beseni lilipaswa kuhimili.

Sasa, mwaka ule ninaousimulia, meli ilileta huku kolonini kwetu majagi ya Uingereza, yale ya kijivu, magumu kama mawe, yanayochomwa kwa moto mkali na kutiwa chumvi mle mle tanurini. Jotham akanunua moja kwa bei ya kondoo. Akalipeleka nyumbani, akalizungusha mikononi nusu saa, akalinusa, akalilamba, kisha akachukua nyundo akalipasua.

Achsah hakusema naye siku mbili.

Siku ya tatu Jotham alivuka barabara akanikuta nafagia. Alikuwa na kigae mkononi.

"Shemeji, nimeona ndani yake. Naweza kutengeneza hii."

"Kwa udongo wetu huu?"

"Hapana. Wetu ni mwekundu, ukiupa moto wa namna hiyo unayeyuka kama siagi. Udongo wa kijivu upo upande wa New York. Unaletwa kwa meli. Halafu lazima tanuri jipya, refu, lenye kuta nene. Na kuni mara tatu. Na chumvi."

"Na pesa?"

Akakiangalia kigae kama vile hicho ndicho kilichomwuliza. "Pauni mia tatu," akasema kwa sauti ndogo.

Mia tatu! Nyumba yangu yote, na vitanda vyake, na kuku wake, isingefika mia mbili. Lakini niliyaona macho yake. Mwanamume wa miaka arobaini na moja ana macho ya mtu aliyeposa jana. Nikamwambia, haya, nenda ukawaombe wenye nacho. Mji huu hauna mabenki lakini una watu wenye masanduku mazito chini ya vitanda vyao.

Akavaa koti lake la kanisani akaenda kwa shemasi, kisha kwa mwenye kinu cha unga. Akarudi jioni na jibini.

"Haya shemeji, shemasi kasemaje?"

"Kasema ataniombea."

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba tanuri la moto mkali hivyo likipasuka linaweza kuua ng'ombe wa jirani."

"Ee Mola wangu! Ukaanzia hapo?"

"Sasa ningeanzia wapi?"

"Na huyo jirani ni nani?"

Jotham akajikuna sikio. "Si ndiye yeye mwenyewe shemasi."

Nikakaa chini kwenye ngazi. "Na mwenye kinu cha unga?"

"Huyo alisikiliza vizuri. Akauliza faida itaonekana lini. Nikamwambia labda mwaka wa nne, kama nitakuwa hai. Akanionea huruma akanipa jibini."

Jibini lilikuwa zuri, tulilila wiki nzima. Lakini ndipo nilipokata shauri kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa mtu mkweli peke yake. Nikachukua kalamu nikamwandikia Kapteni Elkanah Sprague wa Boston. Huyu alikuwa nahodha zamani, sasa mfanyabiashara mwenye maghala mawili gatini, mtu mnene wa sauti ya kuitia watu juu ya mlingoti, na kila akipita njia hii alilala kwangu kwa sababu ya pai yangu ya njiwa. Niliandika juu ya wanawake wanaogombania mabeseni. Niliandika juu ya majagi ya kijivu yanayoletwa kutoka ng'ambo kwa bei ya kondoo, na kwamba Jotham anaweza kuyatengeneza hapa hapa akipata pauni mia tatu. Hakukuwa na uongo hata mmoja kwenye barua ile. Niliacha tu kuandika habari za ng'ombe.

Jibu likaja: anakuja Alhamisi, mchana.

Basi Jumatano nzima tulihangaika. Achsah aliwasimamia Enos na Lemuel wakapanga mbao ndefu kando ya barabara, na juu yake wakaweka mzigo wote wa tanuri la mwisho: mabeseni ya maziwa mia sita, yamefuatana kama askari wa gwaride, na mengine yamepigwa michirizi ya njano ambayo Achsah mwenyewe anaichora kwa unyoya. Hata mimi niliyezoea nilisimama nikatazama. Mtu akipita pale asiseme hii ni biashara, basi hana macho.

Alhamisi asubuhi, wakati natia uji mezani, akaingia mgeni mwingine. Kijana mwembamba mwenye koti jeusi zuri lakini buti zimepasuka, mkoba wa ngozi begani, na mafua makali. Alipiga chafya mara tatu kabla ya kusalimia. Aliitwa Peregrine Lyle, karani wa gavana, katoka Boston.

"Mama," akasema akipangusa pua, "hapa kwenu kuna watu wenye karakana? London wameagiza orodha. Wanataka wajue koloni zinatengeneza nini, isije ikawa zinaharibu biashara ya viwanda vya kwao."

Nilimwaga uji. Si wote, lakini wa kutosha. Maana sote tulisikia yaliyowapata watengeneza kofia: sheria ilipitishwa ng'ambo ya bahari, na watu waliokuwa wakiuza kofia mpaka koloni za jirani wakaambiwa wasithubutu tena. Leo kofia. Kesho nani?

"Wapo wapo," nikasema. "Watu wadogo wadogo. Kula kwanza, mwanangu. Utaendaje kazini na mafua hayo tumbo tupu?"

Nikamwekea nyama, mkate wa mahindi, mayai, nikamwita mpishi wangu nikamwambia huyu asiinuke mpaka nirudi. Kisha nikavuka barabara mbio, sketi nimeishika kwa mikono miwili, umri wangu na heshima yangu nimeviacha mlangoni.

"Ondoeni!" nikamwambia Achsah. "Yote! Karani wa gavana yuko mezani kwangu anakula yai!"

Mdogo wangu ana akili nyepesi, simwibii sifa yake. Hakuuliza hata swali. "Enos! Lemuel! Mabeseni ndani!"

"Ndani wapi, mama?" Enos akauliza. "Karakana imejaa udongo."

"Kwa dada. Mlango wa nyuma, vyumba vya juu."

"Juu hakuna meza."

"Kuna vitanda!"

Wanawake wa majirani wakatoka, wakajipanga mstari kutoka barabarani mpaka ngazi zangu za nyuma, na mabeseni yakaenda mkono kwa mkono kama ndoo za maji siku ya moto. Jotham alikuwa amesimama katikati, mikono imening'inia.

"Mnaficha," akasema.

"Hatufichi, tunapanga," nikamjibu.

"Mnapanga vitandani?"

"Sikiliza, shemeji. Asubuhi hii wewe ni maskini. Mchana, Kapteni akija, wewe ni tajiri. Ni saa chache tu, utaweza."

"Mimi si maskini wala si tajiri. Nina tanuri moja. Na akiniuliza, nitamjibu."

"Mjibu! Nani kakukataza? Jibu anachouliza. Tatizo lako wewe ni kujibu maswali ambayo hayajazaliwa."

Alifikiria. "Hiyo naweza kujaribu," akasema.

Karani alipofika karakana, sahani tatu baadaye, aliona hivi: paa linalovuja upande mmoja, gurudumu moja linalozunguka, farasi amelala kinuni, na mtu mrefu aliyejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Akatoa daftari lake.

"Una matanuri mangapi?"

"Moja."

"Mafundi?"

"Wawili, na mimi."

"Sioni mtu. Wako wapi?"

Jotham akamwangalia mkewe. Masikio yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na hilo kwake ni dalili mbaya.

"Wanapanga vitanda kwa dada yangu," Achsah akasema.

"Wafinyanzi wanapanga vitanda?"

"Kazi zikiwa hivi, bwana, mtu anafanya anachopata."

Karani akaandika huku akitikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilianza kupumua. Akapiga magoti akapindua chungu kimoja cha maharage kilichobaki chini ya benchi, akakigonga, akakikagua kitako. Na hapo hapo nikasikia sauti ng'ambo ya barabara, mlangoni kwangu.

"BI TAMSIN! Kuna mtu humu au mmekufa wote?"

Kapteni Sprague. Saa nne asubuhi, kaja na gari lake la farasi mwenyewe. Alikuwa amesema mchana, lakini watu wa pesa ndivyo walivyo, hupenda kukukuta hujachana nywele. Akaingia karakana, akasimama, akamwona kijana mwenye koti jeusi zuri amepiga magoti na daftari, anakagua chungu. Akanivuta pembeni.

"Huyo nani?"

"Mgeni wangu, Kapteni. Kafika asubuhi kutoka Boston. Kaja kuangalia karakana."

"Kutoka Boston!" Shingo yake ilivimba. "Kaja kuangalia karakana! Nani kamtuma?"

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wakubwa sana. Wako mpaka London."

Naapa sikusema zaidi ya hapo, na kila neno lilikuwa kweli. Kama Kapteni alitoka na picha nyingine kichwani mwake, ile picha alijichorea mwenyewe. Alishanusa mshindani. Uso wake ukawa rangi ya matofali.

Akamsogelea karani kwa tabasamu la papa. "Naam, bwana mdogo. Unaonaje mambo hapa?"

"Duni," karani akasema, akapiga chafya. "Udongo wa kawaida kabisa. Tanuri dogo. Paa linavuja."

"Duni, eh?"

"Duni sana. Sioni kitu hapa cha kumnyima mtu usingizi huko London."

"Ha!" Kapteni akacheka, akampiga Jotham bega mpaka vumbi likatoka, kisha akamnong'oneza. Kunong'ona kwake tulisikia sote isipokuwa karani, ambaye alikuwa amejifunika leso. "Usimsikilize huyu. Nimenunua meli kumi na moja maishani mwangu, na kila moja niliisema imeoza kabla ya kuuliza bei. Barua ilisema mia tatu?"

"Ndiyo," Jotham akasema, "lakini Kapteni, huyu bwana ni—"

Achsah akaangusha mtungi. Mzima, wa shilingi mbili. Jotham akainama kuokota vigae, kwa sababu hawezi kuona kigae chini akakiacha.

"Mia tatu na hamsini," Kapteni akamwambia juu ya kichwa chake.

Karani akasogea kwenye tanuri, akaingiza kichwa ndani, sauti yake ikatoka imevuma: "Hata matofali yamechakaa!"

"Mia nne," Kapteni akasema haraka.

Jotham alikuwa mwekundu sasa kuanzia masikioni mpaka kwenye kola. Nilimjua. Alikuwa kama chungu kilichofunikwa juu ya moto. Nikasema kwa sauti ya furaha kwamba pai ya njiwa iko tayari, twendeni tukale, nikawaswaga wote kuvuka barabara kama bata.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa jikoni natoa pai, sikumwona karani akimwomba mpishi wangu mahali pa kujilaza kidogo, kichwa kinamgonga. Na mpishi, ambaye hakuambiwa lolote, akamwonyesha ngazi.

Tulisikia mlango wa juu ukifunguka. Halafu tukasikia *kwaa*.

Hatua zikashuka, moja moja. Karani akaingia, nusu ya beseni mkono wa kulia, nusu mkono wa kushoto, akaketi, akaweka vipande viwili kando ya sahani yake kwa adabu kabisa, na kukunja mikono.

Kapteni aliona mshindani wake kateremka na sampuli. Akainama sikioni kwa Jotham. "Mia nne na hamsini. Tupeane mkono sasa hivi, kabla hajafungua mdomo."

Jotham akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kapteni," akasema, "huyu si mnunuzi. Ni karani wa gavana. Kaja kuangalia kama kazi yangu inawadhuru Waingereza, na wewe unashindana na mtu asiyekuwepo. Na wewe, Bwana Lyle, hayo mabeseni uliyoyakuta ni yangu. Yako mia sita. Tuliyatandika vitandani ulipokuwa unakula. Mke wangu na shemeji yangu walifanya hivyo kwa kunipenda, mimi niliona nikanyamaza, kwa hiyo kosa ni langu. Nimemaliza."

Akatafuta kiti akakaa. Kiti hakikuwepo. Akaketi sakafuni.

Achsah alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika kisu cha pai nikiona tanuri la pili linayeyuka mbele yangu pamoja na la kwanza.

"Karani?" Kapteni akasema hatimaye. "Hununui?"

"Kapteni," karani akajibu, "sina hela ya kununua hata buti." Akampa Jotham mkono, akamwinua, akamsimamishia kiti. Kisha akafungua daftari. "Bwana Varnell, sasa niulize kama inavyotakiwa. Haya ni nini?"

"Mabeseni ya maziwa."

"Unawauzia nani?"

"Wakulima. Mwendo wa siku moja kwa mkokoteni. Zaidi ya hapo nusu yake yanavunjika njiani."

"Yapo ya namna hii yanayoletwa kutoka Uingereza?"

Jotham akashangaa kweli. "Nani atavusha bahari na beseni la udongo mwekundu? Likifika ni vigae."

"Hilo ndilo nililotaka." Akachovya kalamu. "Mabeseni ya wakulima, mia sita..." Akaangalia kando ya sahani yake. "Mia tano tisini na tisa. Samahani, nililikalia moja."

Hapo Enos, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa pua, na Achsah akafumbua jicho moja. Karani akaandika mpaka akamaliza mstari, akausoma kwa sauti rasmi: "'Kazi hii ni ya vyombo vya kawaida vya shambani, haina madhara yoyote kwa biashara ya Uingereza, wala haihitaji kuangaliwa tena.'"

"Lakini," Jotham akasema, na sote tukamgeukia kwa hofu, "nina nia ya—"

Karani akainua kalamu. "Bwana Varnell, karatasi hii inauliza unachotengeneza. Haina nafasi ya nia." Akafunga daftari, akalitia mkobani, akavuta sahani. "Mama, ile pai ni ya njiwa?"

Muda wote huo Kapteni alikuwa ametulia, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake tangu wala kabla. Sasa akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, "Nisomee tena ule mwisho."

"'Wala haihitaji kuangaliwa tena.'"

"Wala kuangaliwa tena," Kapteni akarudia. Tabasamu likamwanzia kidevuni likapanda. Nilimwona anahesabu moyoni: maghala yake yote mawili hayakuwa na kitu hata kimoja chenye maandishi ya gavana kwamba kiachwe kwa amani. Akamgeukia Jotham. "Wewe mtu wa ajabu. Nilikuwa nimefika mia nne na hamsini. Ungenyamaza dakika moja tu!"

"Niliomba mia tatu."

"Najua uliomba mia tatu! Je, kuna jambo jingine lolote napaswa kulijua kabla sijatoa pesa zangu?"

Achsah akamshika mkono chini ya meza. Nilimwona. Haikusaidia.

"Tanuri linaweza kupasuka," Jotham akasema, "likaua ng'ombe wa shemasi."

Kapteni akamkazia macho muda mrefu. "Ni ng'ombe mzuri?"

"Wa kawaida tu."

"Basi mia tatu," Kapteni akasema, "na kumi za ng'ombe." Akapiga meza kwa kiganja mpaka vipande vya beseni vikaruka. "Theluthi ya faida ni yangu, mpaka mtakapozirudisha, na mkishazirudisha robo. Na barua za habari za kazi aandike Bwana Varnell mwenyewe, si Bi Tamsin. Bi Tamsin anaandika vizuri mno."

Nikasema asante, nikamkatia kipande kikubwa. Sikuona haya hata kidogo.

Tanuri la pili lilijengwa masika yaliyofuata, nyuma ya karakana, refu kama dari ya kanisa, na udongo wa kijivu ukaja kwa meli kutoka kusini kwenye mapipa. Mara ya kwanza kulichoma ilikuwa msiba. Kuni hazikutosha, moto ukapanda upande mmoja, na walipofungua walikuta majagi arobaini yameshikana kuwa donge moja, mishikio imetoka nje kama miguu ya buibui. Jotham aliandika barua siku hiyo hiyo. Ilikuwa na mistari miwili: "Kapteni, yote yameharibika. Najua kwa nini." Kapteni alikuja kutazama, akacheka mpaka akaomba maji, akalipakia lile donge kwenye gari akalisimamisha mlangoni mwa ghala lake. Alisema kila anayemkopesha mtu anapaswa kupita hapo kwanza.

Mara ya pili yalitoka majagi kumi na matatu mazima. Achsah alikuwa ameyachora ua la samawati moja moja kabla hayajaingia motoni. Kapteni aliyauza yote kabla hata hayajashushwa garini, akaandika anataka majagi mia.

Mara ya tatu ilikuwa Oktoba. Siku tatu Jotham hakuvua buti, akatupa chumvi kwa kijiko kirefu kupitia matundu ya juu, moshi mweupe ukatanda barabara nzima mpaka wageni wangu wakadhani mji unaungua. Shemasi alimhamisha ng'ombe wake. Walipobomoa mlango wa matofali, Enos aliingia kwanza, akakaa kimya humo ndani, na Jotham nje akawa anasaga meno.

"Sema basi!"

"Njoo mwenyewe," Enos akasema. "Mimi sina maneno."

Tanuri zima. Majagi, mitungi, vyungu vya siagi, vyote vya kijivu, vyote vinang'aa na kukwaruza kidogo kama ganda la chungwa. Jotham alitoa jagi moja likiwa bado la moto, limefungwa kwenye aproni yake, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia. Si ule mlio mfupi wa udongo mwekundu. Lililia kama kengele, mlio mrefu uliokaa hewani.

Basi yule mtu asiyejua kuuza akavuka barabara akaja kwangu, akaligonga nisikie. Akaenda kwa shemasi, akaligonga. Akaenda kwa mwenye kinu, ikabidi wasimamishe mawe ili lisikike. Alizunguka mji mzima hivyo, mchana kweupe, uso mweusi wa moshi, hasemi neno, anagonga tu na kutazama nyuso za watu. Achsah alimfuata nyuma na kitabu kidogo, na kila nyumba walipotoka aliandika jina na idadi.

Kijana Lyle aliagiza pia, kwa barua: chungu kimoja cha chini ya kitanda, cha haja ya usiku, cha mama yake, kisicho na maua. Alipelekewa na cha pili bure. Jotham alifanya kazi miaka ishirini na sita baada ya hapo, mafundi wakafika saba, na pauni za Kapteni zilirudi mwaka wa tano badala ya wa nne, na Jotham alimwomba radhi kwa huo mmoja. Jagi lile alilozunguka nalo mjini halikuuzwa. Liko jikoni kwa mdogo wangu mpaka leo, analiwekea matango ya siki.